Kwa vijana waliofunzwa kazi na Injinia

Wanangu,

Poleni tena. Mimi ni yule mzee aliyekaa nyuma kabisa ya hema siku ile ya mazishi pale Lang'ata, fomani wa marehemu kwa miaka mingi. Nilimwita Injinia mpaka mwisho, hata alipostaafu na kunisihi nimwite kwa jina lake.

Nasikia kamati ya mazishi sasa imegeuka kuwa kamati ya kumbukumbu, na mnachanga pesa za karamu ya hoteli na picha kubwa ya ukutani. Nia yenu ni njema. Lakini nilipoisoma bajeti kwenye simu ya mjukuu wangu nilicheka peke yangu. Yule mtu alikula githeri kwenye kibakuli cha plastiki kilichopasuka ukingo, na hotuba alizichukia kama alivyouchukia mchanga wenye udongo.

Ngojeni niwakumbushe, maana wengi wenu mlimkuta akiwa na mvi. Wakati wa mvua za El Niño, mwaka 1997, tulikuwa tunajenga ghorofa huku Eastlands, kwenye ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kila asubuhi tulianza kwa kuteka maji kwenye mtaro wa msingi. Mwenye nyumba anafoka, vijana wamechoka kukoroga zege zito, nami nikawaambia waongeze maji ili liteleze. Ndiyo, mimi. Injinia akafika na gambuti zake, hakusema neno, akaitisha koni, ile ya chuma ya kupimia kama zege limezidi maji. Akaijaza kwa matabaka matatu, kila tabaka akilishindilia kwa fimbo ya chuma mara 25, akihesabu kwa sauti kama mwalimu wa chekechea. Alipoinyanyua, zege likatandaa kwenye bati kama uji. Vijana wakakaa kimya. Yeye akanitazama mimi tu: "Fomani, tuanze upya."

Tulimwaga yote. Kwenye kitabu cha kazi aliandika kwamba zege limekataliwa kwa kuzidi maji, jina langu hakuliandika. Jioni, tukinywa chai, ndipo alinieleza kwamba yale maji ya ziada yakikauka huacha vitundu ndani, na nguvu ya nguzo hupotelea humo. Sijaongeza maji tena.

Basi hiyo ndiyo sababu nawasumbua. Jengo la Huruma, hapa Nairobi, lilipoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 40, alinipigia simu kabla hakujakucha kuniuliza juu ya nyumba tuliyoimaliza miaka mingi nyuma, kama nakumbuka kina cha msingi wake. Nilikikumbuka, na alikuwa nacho kwenye daftari pia, ila alitaka kusikia sauti ya mtu. Sasa ninyi Bodi ya Wahandisi imewasajili, mna mihuri. Nimeshawasikia wengine wenu mkitaniana kuhusu muhuri unaogongwa ofisini kwa jengo ambalo mwenye muhuri hajalikanyaga. Mbele yangu msirudie mzaha huo. Anayetaka kumuenzi Injinia avae gambuti, ashuke mtaroni, na kyubu za siku 28, vile vipande vya zege vinavyovunjwa kupima nguvu, azisubiri hata kama mwenye nyumba anatukana.

Jambo la pili. Kuna aliyesema kwenye hotuba kwamba marehemu "aliishi kwa ajili ya kazi." Hapana, mwanangu, hapo ulikosea. Saa kumi na moja jioni alikuwa kituoni akingoja matatu ya 58 kwenda Buru Buru, na viatu vya matope vilibaki mlangoni. Jumamosi aliwanyoa wanawe mwenyewe, vibaya sana, kila mtu mtaani alijua. Mara moja alikosa siku ya zawadi shuleni kwa binti yake kwa sababu tulikuwa tunamwaga slabu, zege la sakafu ya ghorofa, na slabu ikishaanza haikatizwi katikati. Kosa hilo alinitajia mpaka nikachoka kulisikia.

Kwa hiyo karamu iacheni. Mama watoto mwezi huu hakosi watu. Viti vya kukodi bado viko uani. Baada ya miezi mitatu simu yake itanyamaza, na hapo ndipo atahitaji mtu wa kumpeleka kwa chifu kuchukua barua, kisha mahakamani na cheti cha kifo kwa ajili ya mirathi, kisha kungoja zile siku 30 baada ya tangazo kwenye Gazeti Rasmi. Shughuli hiyo inachosha hata mwenye miguu mizima. Wenye magari mnajijua. Na pesa mlizokwisha changa, mpelekeeni bibi huyo mkononi, bila kamera.

Kitinda mimba wake yuko kidato cha nne, na mtihani wa mwisho, KCSE, uko mlangoni. Jumanne na Alhamisi, saa moja jioni, ndizo zilikuwa saa zao za hesabu, baba na binti kwenye meza ya kulia. Jumanne hii nilikwenda mimi. Binti alinitengea kiti cha babake, akafungua kitabu kwenye logariti, nami nilikomea darasa la saba. Tuliishia kunywa chai.

Nani ataenda Alhamisi?

Fomani wenu