Bunduki za Kingston zilitoka kwa wanasiasa

Mhariri,

Kila magenge ya Jamaica yanapotajwa, lawama huwaangukia vijana wa Kingston Magharibi, katika mji mkuu. Mbona hatuulizi bunduki zilifikaje mitaani?

Tivoli Gardens, mtaa wa huko, ilijengwa miaka ya 1960, mahali pa kitongoji cha Back-o-Wall kilichobomolewa. Nyumba wakapewa wafuasi wa chama tawala cha wakati huo, JLP (Jamaica Labour Party). Mahasimu wao, chama cha PNP (People's National Party), nao wakajijengea ngome zao, na wanasiasa wakawapa vijana wao bunduki. Katika mwaka wa uchaguzi wa 1980 waliuawa zaidi ya watu 800. Mambo ya kura hayo!

Baadaye biashara ya kokeini iliwatajirisha wababe wa mitaa, wale waitwao "dons", hata hawakumhitaji tena mbunge. Don akawa ndiye anayelipa karo za watoto, anayeamua kesi za wezi, na anayeua. Mwezi Mei 2010 askari walipoingia Tivoli kumsaka don wa hapo, Christopher Coke, raia wapatao 70 walikufa. Yeye alinaswa mwezi uliofuata, akiwa hai, na sasa anatumikia kifungo cha miaka 23 Marekani.

Wanasiasa waliogawa zile nyumba hakuna aliyewahi kuwasaka kwa jeshi.

Msomaji wenu,
Tanga