YAH: KUUZIWA TRAKIBOLI YA MKONO WA KULIA NA KUDHALILISHWA KAUNTA

Meneja wa Duka,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nililipia trakiboli, kifaa cha kompyuta kinachotumika badala ya mausi, aina ya Kensington Orbit, ambayo mpira wake uko katikati juu na huzungushwa kwa ncha za vidole, mkono wowote ule. Risiti ya EFD inasema hivyo. Mlichoniletea ni Logitech Ergo M575: mpira uko ubavuni, unasukumwa kwa kidole gumba cha kulia, na umbo lake lote ni la kiganja cha kulia. Mimi natumia kushoto. Niliandika kwenye oda.

Nilipoirudisha, kijana wenu wa kaunta hata risiti hakuitazama. Alisema kwa sauti, wateja wakisikia: "Dada, tatizo si kifaa, tatizo mkono wako. Tumia kulia kama watu." Foleni nzima ikacheka.

Trakiboli sikuitafuta kwa mapambo. Nachora ramani za nyumba kutwa, na kifundo cha mkono kinawaka moto kwa kusukuma mausi huku na huku. Trakiboli yenyewe inatulia palepale, kinachozunguka ni mpira tu. Na aliyenipigia kuthibitisha oda nilimwambia tena kwa mdomo: kushoto. Akajibu, "Sawa, dada."

Nalirudia la kaunta kwa sababu najua mtasimuliwa vingine. Alinishika mkono wa kulia bila ruhusa yangu, akaulaza juu ya kifaa, akakibonyeza kidole changu kwenye mpira: "Si unaona kinakwenda?" Ndipo akasema "kama watu". Shule ya msingi nilichapwa kwa kuandikia kushoto. Leo nimetoa hela yangu mwenyewe nifanyiwe yaleyale?

Siku ile niliomba kubadilishiwa tu. Sasa sitaki tena kubadilishiwa. Nataka hela yangu yote, pamoja na ya bodaboda mliyonitoza, na kijana yule aniombe radhi palepale kaunta, wateja wakiwepo. Nawapa siku saba. Zikipita, risiti, picha na nakala ya barua hii vinakwenda Tume ya Ushindani, na ofisi yetu inayonunua vifaa kwenu itaambiwa ikanunue kwingine.

Kifaa chenu kiko ofisini kwangu ndani ya boksi lake. Tumeni mtu akichukue, mimi sikileti tena.

Mteja wenu