Ukimataifa wa vyuo vya biashara uanzie Tunduma

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuandika neno, lakini habari ya juma lililopita imenishinda kuinyamazia. Ni ile ya chuo kimoja cha biashara hapa jijini kutiliana saini na chuo cha Ulaya ili nacho kiwe cha kimataifa. Pichani wakuu wanapeana mikono. Mwanafunzi hayumo hata mmoja, wala habari yenyewe haikusema atafaidika na nini.

Mimi ni wakala wa forodha. Mizigo ninayoitoa bandarini mingi ni ya Wakongo na Wazambia. Mwaka jana nililetewa kijana wa fildi, yuko mwaka wa mwisho, anasomea biashara ya kimataifa, ana adabu na Kiingereza kimenyooka. Siku moja niko bandarini, mteja wangu wa Lubumbashi akapiga simu ofisini kuulizia bei ya kusafirisha kontena la futi 40 la vitenge. Kijana akapiga hesabu ya lori mpaka Tunduma, akaongeza gharama za mpaka mmoja, akamtumia kwa WhatsApp. Aliamini ukivuka Tunduma umeshaingia Kongo! Zambia nzima hakuihesabu. Nakonde, upande wa pili wa Tunduma, haimo, Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, haimo, wala siku ambazo dereva analala kwenye foleni ya malori. Mteja akaishikilia bei ileile aliyopewa, na tofauti nikailipa mimi. Nilipomkalisha kijana mbele ya ramani ndipo nikajua anachofundishwa: habari za makampuni ya Marekani yalivyoingia China anazo kichwani, maana ametungiwa mtihani. Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambalo biashara yake ilianza Januari 2021, ana ukurasa mmoja wa desa. Kwamba Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, hakuna mwalimu aliyemwambia. Simlaumu yeye hata kidogo. Nawalaumu waliopokea ada ya mzazi wake miaka yote hiyo, wakamwandikia "kimataifa" kwenye shahada, na nchi tunayopakana nayo hawakumwonyesha.

Na hiyo fildi yenyewe! Msimamizi kutoka chuoni alikuja, akasaini logibuku akiwa amesimama, akaaga. Hakuuliza kijana amefanya nini wala amekosea wapi. Ofisi za jirani vijana kama huyu wanatumwa chai na fotokopi mpaka muda unaisha, na chuo kinawapa alama.

Mkutano wa wakuu wa Jumuiya uliofanyika hapa hapa Dar es Salaam Mei 2017 uliitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Mlango uko wazi, na wakuu wetu wa vyuo wanakimbilia uwanja wa ndege.

Waende Ulaya, sikatai, kuna ya kujifunza huko. Ila kwanza wakodi basi. Wanafunzi wa mwaka wa pili wapandie Dar, wavuke Tunduma, wakae wiki mbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Copperbelt pale Kitwe, halafu wapite Kasumbalesa waende Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wenzao wa huko nao waje kwetu. Kila mwanafunzi afuatilie kontena moja, tangu hati zake zinapoingia forodhani mpaka linapofunguliwa ghalani kwa mwenye mali, aandike kila shilingi iliyotoka na imetoka kwa nini. Kifaransa kiwe lazima mihula minne, na mtihani wa kuongea watahini wafanyabiashara wa Kikongo wanaofikia Kariakoo. Asiyeweza kupatana nao bei arudie somo.

Mkuu wa chuo atakayekubali, makontena ya kuanzia nitampa mimi, pamoja na hati zake zote.

Wakala wa forodha,
Kariakoo, Dar es Salaam