Risala ya kikundi cha washiriki wa utafiti kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Utafiti wa Tiba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, Mkurugenzi wa hospitali, madaktari wetu, manesi, watu wa maabara, wanafunzi wa udaktari, ndugu wagonjwa na wageni wote mliofika, itifaki imezingatiwa, habari za asubuhi.

Kwanza tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha salama, na pili tunakushukuru wewe Mgeni Rasmi kwa kukubali kuja, maana tunajua ratiba yako ilivyobana na ungeweza kabisa kutuma mwakilishi lakini umekuja mwenyewe. Karibu sana.

Sisi ni kikundi cha watu waliowahi kushiriki au wanaoshiriki sasa hivi kwenye tafiti za hospitali ya chuo. Wengine ni wagonjwa wa kisukari na presha, wengine ni akina mama waliojifungulia wodini hapa, wengine ni wazazi wa watoto waliolazwa, na wengine ni wazima kabisa waliojitolea kuchomwa chanjo ya majaribio ili ijulikane kama ni salama. Siku zote sisi ndio tunaopimwa na kuulizwa maswali, leo tumepewa kipaza sauti kwahiyo tunaomba mtuvumilie tuna ya kusema.

Mgeni Rasmi, kuna watu bado wanaamini ukikubali kushiriki utafiti umekubali kufanywa mnyama wa majaribio, na sisi hatuwacheki hata kidogo kwasababu hofu hiyo haikuja hivi hivi tu. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 mpaka 1972 wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa miaka 40 bila kutibiwa, wakadanganywa wanatibiwa, na hata penisilini ilipokuwa imeshakuwa dawa ya kawaida ya kaswende hawakupewa. Habari kama hizo zinasafiri, zinafika mpaka kwenye familia ambazo hazijawahi kusikia jina la mji wenyewe. Ndio maana mtu wetu anapoambiwa kuna utafiti, swali la kwanza sio utafiti wa nini, anauliza nani kawatuma na mimi nikipata shida nitamwambia nani. Ni swali la haki na linastahili jibu kila mara, hata kama daktari amechoka.

Sasa pamoja na hofu hiyo sisi tuliingia, na tukishaingia tukaelewa kitu ambacho tunakirudia karibu kila mkutano wa kikundi. Daktari anaweza kuwa na uzoefu wa miaka mingi, ana huruma, anafuata mwongozo mstari kwa mstari, na bado akawa anamuumiza mgonjwa bila kujua mpaka utafiti ufanyike. Chukulieni ule utafiti ulioitwa FEAST, uliofanyika kwenye hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Mtoto anafika ana homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo ya moyo yanakimbia, damu haizunguki vizuri. Miongozo ilikuwa inasema mtoto wa hivyo awekewe dripu ya haraka, maji mengi kwa muda mfupi, na ukiwaza unaona inaingia akilini kabisa. Watafiti wakawagawa watoto 3,141 kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa maji ya chumvi haraka haraka, la pili likapewa albumini, yaani maji yenye protini ya damu, haraka haraka, la tatu halikupewa ile dripu ya haraka, na wote wakaendelea kupata matibabu mengine yanayotakiwa. Baada ya saa 48, kwenye yale makundi mawili ya dripu ya haraka walikuwa wamefariki zaidi kidogo ya asilimia 10, na kwenye kundi ambalo halikupewa ni asilimia 7.3. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake na matokeo yakachapishwa 2011. Yaani kile ambacho kila mtu aliamini kinaokoa, kwa watoto wale kilikuwa kinaua. Mzazi ukisikia hizo namba moyo unashtuka, lakini ukikaa ukafikiria unaona bila wale wazazi waliokubali watoto wao wagawiwe kwa bahati nasibu tungeendelea hivyo hivyo kwa moyo mweupe kabisa.

Ndio maana tunawaomba watu wasiogope lile neno bahati nasibu. Daktari hakupangi huko kwasababu hakujali, anakupanga kwasababu kweli hajui kipi ni bora, na akianza kuchagua mwenyewe atawapeleka walio hoi zaidi upande mmoja na majibu yatakuwa ya uongo.

Utafiti tunaoupenda kuliko wote kwenye kikundi, hasa akina mama, ni ule wa E-MOTIVE ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza pamoja na wenzao wa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, matokeo yakatoka 2023. Hebu tuueleze vizuri maana unastahili. Mama akishajifungua kawaida, mkunga anakadiria damu aliyopoteza kwa macho, anaangalia shuka, anaangalia pamba na sakafu, anasema hii ni kawaida. Na jicho linadanganya, damu ikisambaa kwenye nguo huwezi kujua ni kiasi gani, wakati mwingine mpaka mama anaanza kuzimia ndio watu wanaanza kukimbizana. Kwenye E-MOTIVE mama anawekewa chini yake karatasi ya plastiki yenye mfuko unaoning'inia ukingoni mwa kitanda, mfuko una alama za mililita, damu inashuka humo na mkunga anasoma tu. Ikifika mililita 500, au hata kabla ya hapo kama mama anaonyesha dalili mbaya, hakuna kusubiri tuone, mama anasingwa kizazi, anapewa dawa ya kukaza kizazi, anapewa asidi ya traneksamiki ya kuzuia damu, anawekewa maji ya dripu, anachunguzwa damu inatoka wapi, na kama haikati anaitwa mtu wa juu zaidi, vyote kwa pamoja badala ya kujaribu kimoja ukangoja halafu ndio kingine.

Hospitali 80 zilishiriki na akina mama zaidi ya 210,000. Kwenye hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani waligundua kama nusu tu ya akina mama waliokuwa wanavuja damu kupita kiasi, wale wengine walipita bila mtu kujua, na kwenye hospitali zenye mfuko waligunduliwa asilimia 93. Mama kupoteza damu nyingi sana, au kupasuliwa kwasababu ya damu, au kufa kwa damu, vikijumlishwa pamoja vilipungua kwa asilimia 60. Mgeni Rasmi, hapo hakuna dawa mpya hata moja. Dawa zote zilikuwepo kabatini. Hiyo asidi ya traneksamiki ilishathibitishwa mwaka 2017 kwenye utafiti wa WOMAN wenye akina mama 20,000 kutoka nchi 21, kwamba ikiwahi ndani ya saa tatu inapunguza vifo vya kuvuja damu. Kilichokosekana ni kupima na kufanya vyote kwa wakati, na kukijua hicho ilibidi chuo kikae chini kifanye utafiti, sio maabara ya kutengeneza vidonge.

Yako mengine mengi tungetaja. Mwaka 2020 korona ilipoingia kila mtu alikuwa na dawa yake kwenye simu, huyu anasema hiki yule anasema kile, wakati huo Chuo Kikuu cha Oxford cha Uingereza kikaanzisha utafiti wa RECOVERY mwezi Machi na ilipofika Juni ikajulikana kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na rahisi kupatikana, inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine ya kupumulia na kwa moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni, lakini asiyehitaji oksijeni haimsaidii. Utafiti huo huo ukaonyesha haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, haiwasaidii waliolazwa kwa korona, na kwetu sisi jibu la haisaidii lina thamani ileile, maana kuna watu waliacha kumeza kitu kisicho na faida.

Na kuna wasichana 2,275 wa Kenya, wa miaka 15 mpaka 20, walioshiriki utafiti wa chanjo ya dozi moja ya kukinga kirusi cha HPV. Baada ya miezi 18 dozi hiyo moja ilikuwa imewakinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya aina namba 16 na namba 18 za kirusi hicho, ambazo ndizo zinaongoza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja itumike kwa wa miaka 9 mpaka 20. Tunaomba mwone jinsi walivyowatendea kundi la kulinganishia, hawakuchomwa maji matupu, walichomwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na mpango tangu mwanzo ulikuwa kwamba na wao HPV wataipata baadae. Hivyo ndivyo tunavyotaka kutendewa.

Sasa tunakuja kwenye yanayotuuma.

Kubwa kuliko yote ni matokeo kutokurudi. Kuna mama mmoja kwenye kikundi alishiriki utafiti kwenye kituo ambacho hatutakitaja, alikuwa anaamka alfajiri kuwahi kliniki kabla hajala chochote ili atolewe damu, nyumbani ana daftari la dalili anaandika usiku na mchana kichwa kiliuma saa ngapi na joto lilikuwa kiasi gani, hakuwahi kuruka siku. Utafiti ukaisha, simu zikakatika. Hajui mpaka leo alikuwa anameza dawa au plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, hajui kama dawa ilifaa, na akiulizwa na majirani anakosa la kuwaambia. Mtu huyo ukimwita tena kwa utafiti mwingine atakuja? Na je atamshauri binti yake aje? Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, yaani mwongozo wa maadili ya kufanya utafiti kwa watu, lililopitishwa 1964 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa, linasema wazi kwamba mshiriki apewe nafasi ya kujulishwa matokeo, kwahiyo hatuombi hisani.

La pili ni fomu ya ridhaa. Kurasa nyingi, herufi ndogo, maneno ya kisheria, na mgonjwa ana dripu mkononi na ndugu yake anasubiri nje, matokeo yake anauliza tu nisaini wapi. Tunataka tumpongeze nesi mmoja wa hapa (hatumtaji jina asije akaona aibu) ambaye akimaliza kuisoma anaifunika ile fomu, anamwangalia mtu usoni anamwambia haya sasa nieleze wewe kwa maneno yako umeelewa nini, na ukikataa je itakuwaje. Mtu akishindwa kueleza kwamba anaweza kukataa na bado akatibiwa kama kawaida, nesi anarudia mwanzo. Inachukua muda, tunajua foleni ni ndefu, lakini ridhaa ya kweli ndiyo hiyo na wengine wote wangefundishwa kufanya hivyo.

Pia wajawazito na wazee sana wanaachwa nje ya tafiti nyingi halafu dawa ikitoka wanaandikiwa hao hao, hili tunaligusa tu maana wataalamu wanalijua kuliko sisi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote tunaomba yafuatayo. Kila utafiti unaopitishwa na chuo hiki uwe na bajeti ya kurudisha majibu kwa washiriki, iandikwe kwenye pendekezo tangu mwanzo, na kamati ya maadili isipitishe ambao hauna. Majibu yaje kwa Kiswahili cha kawaida, ukurasa mmoja unatosha, na kwa asiyesoma apigiwe simu au aitwe kwenye mkutano akae na mtafiti amuulize. Yaje hata kama dawa imeshindwa, kwa kweli hasa kama imeshindwa, maana hayo ndiyo huwa yanafichwa kwenye makabati. Dawa ikionekana inafaa, waliokuwa kwenye plasebo wawe wa kwanza kuipata. Na mtupe viti viwili kwenye meza ambayo maswali ya utafiti yanachaguliwa, sio baada ya kila kitu kupangwa ndio tunaitwa kusaini mahudhurio. Wakunga walijua zamani kwamba jicho linadanganya kwenye damu, wagonjwa nao wana mambo wanayoyajua ambayo hakuna aliyewauliza.

Sisi kwa upande wetu tunaahidi kuendelea kujitokeza, kusema ukweli kuhusu dawa tulizomeza na tulizoruka, na kuwaelimisha wenzetu huko tunakokaa. Orodha ya tafiti zilizokwisha ambazo wanakikundi walishiriki na hawajapewa majibu tumeiambatanisha na risala hii, tunaomba upate nafasi ya kuipitia leo kabla hujaondoka, watafiti wenyewe wengi wako humu ukumbini.

Tunaomba kuwasilisha, ahsante sana.