Ushuru wa korosho uwalipe pia walezi wa watoto wetu vijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwafikishie ombi madiwani na wakurugenzi wa halmashauri za mikoa ya Mtwara na Lindi. Ninaomba kwamba katika makadirio yajayo ya bajeti watenge sehemu maalumu ya ushuru wa korosho, yenye kifungu chake na isiyoweza kuhamishiwa matumizi mengine, kwa ajili ya kuwalipa walezi wa vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vijijini. Nimefundisha shule za msingi wilayani Newala mpaka nilipostaafu, na sehemu kubwa ya utumishi huo nilikabidhiwa darasa la kwanza, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa mtoto mmoja mmoja.

Mwalimu wa darasa la kwanza hahitaji muda mrefu kumtambua mtoto ambaye, kabla ya kufika shuleni, alikuwa na mtu mzima wa kuzungumza naye, kumwimbia na kumjibu maswali yake. Mtoto huyo husema anapoulizwa, hukaa na wenzake bila kugombana, na hadithi ikikatizwa hutaka kujua kilichofuata. Mwenzake, ambaye miaka yake ya mwanzo aliimaliza chini ya mkorosho akichungwa na dada wa miaka tisa huku mama anaokota, huja na akili ileile na hamu ileile, lakini hutumia mwaka mzima kujifunza yale ambayo mwenzake aliyapata kwa kucheza. Wengi wa aina hiyo niliwaona wakifika darasa la tatu hawajasoma sawasawa, na huko ndiko utoro unakoanzia.

Kwa wasiozijua wilaya zetu, nieleze kidogo mwaka wa mama wa huku unavyokwenda. Katikati ya mwaka kuna kazi ya kupulizia salfa, dawa ya kukinga maua na ukungu, kwenye mikorosho, na vumbi lake halifai kabisa kwa kifua cha mtoto mchanga. Korosho zinapoanza kuanguka, familia nyingi hushinda shambani, na baadhi huhamia huko kabisa na kulala vibandani, kwa sababu korosho haisubiri: ikilala kwenye unyevu hupoteza ubora, na ubora ukipotea daraja lake hushuka inapofika ghalani. Kila mwenye mikono huokota, akiwamo mama mwenye mtoto wa miezi sita. Msimu ukipita huja kifuku, yaani majira ya mvua, na palizi. Wanawake wanaobangua korosho hufanya kazi karibu na mafuta ya ganda yanayobabua ngozi, na kule pwani ya Kilwa na Lindi wapo wakulima wa mwani ambao kazi yao hufuata maji kupwa na kujaa, hata kama maji yamekupwa saa ambayo mtoto anataka kunyonya au kulala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 na saa mbili za kunyonyesha kwa siku anaporudi kazini, na ni jambo jema, lakini mama ambaye kazi yake ni shamba lake mwenyewe hana likizo wala saa mbili.

Anayeubeba mzigo huu kabla ya mwingine yeyote ni mtoto wa kike. Katika shule mojawapo niliyofundisha, msichana wa darasa la tano alikuwa akija kila msimu na mdogo wake mgongoni. Mwalimu wake, kwa huruma, alimruhusu akae karibu na mlango ili mtoto akilia atoke naye bila kuwasumbua wenzake, na mara nyingi aliporudi alikuta hesabu iliyokuwa ubaoni imeshafutwa na darasa limekwenda mbele. Hakuna aliyemtendea ubaya msichana huyo: mama alikuwa shambani akiitafuta ada ya sekondari ya kaka yake, na mwalimu alifanya alichoweza. Daftari la mahudhurio lilimhesabu kuwa yupo darasani siku zote hizo, na ndiyo maana tatizo la namna hii halionekani kwenye taarifa zinazopelekwa wilayani.

Najua yupo atakayesema kwamba watoto wetu wana bibi zao, na kwamba kwa desturi za Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua mtoto hukulia kwenye nyumba ya upande wa mama, akiwa na bibi na mama wadogo wa kumtazama. Desturi hiyo ninaiheshimu, na imenilea mimi mwenyewe. Lakini anayeisema aende shambani mwezi Oktoba, naye atamkuta bibi huko huko, ameinama anaokota, kwa sababu mikorosho ni yake na nguvu kazi haitoshi. Mama wadogo nao wamekwenda Mtwara mjini, Masasi au Dar es Salaam kutafuta maisha. Bibi anaendelea kulea, na kituo cha malezi kilicho karibu kitamsaidia bila kumwondolea nafasi yake.

Serikali haijakaa kimya kuhusu umri huu, na haki hiyo tuipe. Tulikuwa na sheria mahususi ya vituo vya kulelea watoto mchana tangu mwaka 1981, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliyokuja baadaye inavitambua vituo hivyo na kutaka visajiliwe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu Januari 2016 darasa la awali halina ada katika shule za umma. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kutekelezwa kuanzia mwaka wa fedha 2021/22 hadi 2025/26, ikimtazama mtoto tangu kuzaliwa mpaka umri wa miaka 8 kwa afya yake, lishe yake, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali pamoja na ulinzi na usalama wake. Kupitia BOOST, mradi wa Serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, tumejengewa madarasa ya awali ya mfano yenye rangi na michoro ukutani, na ninashukuru kwa kila moja.

Hata hivyo, darasa la awali humpokea mtoto akiwa na miaka mitano au karibu na hapo, na huko nako mwalimu mmoja hukabidhiwa watoto wengi kupita kiwango cha watoto 25 kilichowekwa na Serikali yenyewe. Kabla ya umri huo, kwa kijiji cha kawaida cha Tandahimba au Liwale, hakuna kitu isipokuwa pale ambapo wazazi wenyewe wamejichangisha au mfadhili amepita. Kituo cha namna hiyo huanza vizuri. Mwenyekiti wa kijiji hutoa chumba kwenye ofisi ya kijiji au kanisa na msikiti hutoa eneo, na kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, kwa kawaida msichana, hukubali kuwa mlezi. Wazazi hukubaliana kutoa unga wa uji na fedha kidogo kila mwezi.

Kinachofuata nimekiona kikijirudia katika vijiji kadhaa. Msimu wa korosho fedha ipo mikononi mwa wazazi, lakini watoto wamehamia shambani na kituo kimebaki na watoto wachache. Kifuku kikianza watoto wamerudi wote, lakini fedha imekwisha, unga wenyewe nyumbani hautoshi, na michango inakoma. Mlezi huvumilia mwezi wa kwanza na wa pili. Mwezi wa tatu naye ana njaa na palizi yake inamsubiri, kwa hiyo anafunga mlango. Watu husema wazazi hawana mwamko, kauli ambayo naiona si ya haki, kwa sababu mzazi yuleyule hulipia sare, daftari na michango ya sekondari. Kosa liko kwenye kutegemea michango ya kila mwezi kwa watu ambao kipato chao huja kwa msimu, na halmashauri, ambayo hukusanya msimu na kutumia mwaka mzima, ndiyo yenye uwezo wa kuliondoa kosa hilo.

Faida ya kufanya hivyo imepimwa, na mojawapo ya vipimo ilifanyika kwa jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma. Nchini Msumbiji, katika mkoa wa Gaza, vijiji vilivyopata vituo vya chekechea vya gharama ndogo vililinganishwa na vijiji ambavyo havikuvipata, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kuwa watoto waliopitia vituo hivyo walikuwa na uwezekano wa asilimia 24 zaidi wa kuandikishwa shule ya msingi, na kwamba hata kaka na dada zao wakubwa walipata muda zaidi wa masomo na wazazi wao walipata muda zaidi wa kazi. Gharama yake ilikuwa kama dola mbili na nusu kwa mtoto kwa mwezi. Huko Jamaika, watoto wadogo waliodumaa katika jiji la Kingston walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa jamii, waliowafundisha mama zao namna ya kucheza na kuzungumza nao. Miaka 20 baadaye kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 25 kuliko cha wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Huyo mhudumu wa Kingston hakuwa profesa. Alikuwa mtu wa jamii aliyefunzwa, aliyesimamiwa na, ninasisitiza, aliyelipwa.

Sasa nije kwenye fedha. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara unaokwenda halmashauri ni asilimia 3 ya bei. Katika minada ya mwanzo ya msimu wa 2024/25 kilo ya korosho ghafi ilivuka shilingi 4,000, maana yake halmashauri hupata shilingi 120 kwa kilo inapouzwa kwa bei hiyo. Tuseme tunatenga sehemu moja ya kumi tu ya ushuru huo, yaani shilingi 12 kwa kilo. Halmashauri ambayo wakulima wake wameuza tani 20,000 itakuwa na shilingi milioni 240. Mlezi akilipwa shilingi 150,000 kwa mwezi, mwaka mzima ni shilingi milioni 1.8, na fedha hiyo inatosha kuwalipa walezi 133, yaani walezi wawili wawili katika vijiji zaidi ya 60. Bei hupanda na kushuka, na sote tunaukumbuka msimu wa 2018/19, minada ilipokwama na Serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300. Kwa hiyo busara ni kuweka akiba ya msimu mzuri ili mlezi asifukuzwe na msimu mbaya.

Wala si jambo geni kwa halmashauri kuelekezwa kutenga fungu. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kwa lishe tumekuwa na maelekezo ya kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, ambayo wakuu wa mikoa husaini mikataba na hupimwa kwayo. Mama aliyepewa mkopo wa asilimia 10 akiwa hana pa kumwacha mtoto hufanya biashara nusu siku na hurejesha kwa taabu. Kituo cha malezi kingeulinda hata mkopo wenyewe.

Mjumbe mmoja wa serikali ya kijiji aliwahi kuniambia kwamba barabara na zahanati ndizo zitangulie. Nilimjibu, nami namjibu tena hapa, kwamba mkulima wa korosho haweki salfa baada ya ua kukauka, na Serikali yenyewe hugawa pembejeo mapema kwa sababu inajua hivyo. Barabara iliyochelewa miaka mitatu bado itajengwa na itapitika. Mtoto wa miaka miwili aliyecheleweshewa miaka mitatu ana miaka mitano.

Ninapendekeza kwamba mabaraza ya madiwani, kabla hayajapitisha makadirio, yapokee kutoka kwa maafisa ustawi wa jamii orodha ya vijiji visivyo na kituo chochote, na orodha hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji ili wananchi waihakiki. Vijiji vyenye mikorosho mingi vianze, na vituo vyake viwe na tawi la msimu huko huko mashambani ambako watoto huwa wanahamia. Vyuo vyetu vya ualimu vya Mtwara Kawaida, Kitangali na Nachingwea viombwe kuwapa walezi mafunzo mafupi wakati wa likizo, na vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo vina maghala kila upande, viangalie kama vinaweza kutoa eneo na maji. Na mlezi alipwe kupitia benki au simu kila mwezi, kwa jina lake, kama anavyolipwa mtumishi mwingine wa halmashauri.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara.