Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Faini Haimfungui Mtu Mdomo

Ndugu wanachama,

Kabla sijaingia kwenye jambo lililotuchosha mwaka huu, niyamalize haya ya kawaida. Hesabu zimekaguliwa na Mweka Hazina atazisoma mwenyewe. Nimezipitia, ziko sawa. Ada zinaingia kwa kusuasua kama ilivyo desturi yetu, na orodha ya wanaodaiwa imebandikwa mlangoni, kwa hiyo asitokee mtu wa kushangaa akinyimwa karatasi ya kura. Semina ya wapiga picha ilifanyika. Ya watangazaji haikufanyika, na Katibu atasema kwa nini. Hayo yatoshe.

Jambo lenyewe ni hoja iliyoletwa na baadhi yenu, inayotaka chama chetu cha waandishi wa michezo kisimame hadharani kuzidai ligi na mashirikisho yaongeze faini kwa mchezaji wa kulipwa anayewakwepa waandishi. Kamati Tendaji iliijadili mpaka sauti zikapanda. Nimepewa kazi ya kueleza tulipofikia, na kwa kuwa kalamu ninayo mimi, mtauona pia msimamo wangu. Siiungi mkono hoja hiyo. Wala siwaungi mkono wale wanaosema mchezaji aachwe akae kimya, abaki na ukurasa wake mtandaoni, yaishe.

Wapo kati yetu wanaodhani sharti la mchezaji kuongea na waandishi liliwekwa kwa heshima yetu. Mchezaji anapoketi mbele ya lile bango lililojaa nembo za wadhamini, kinachouzwa ni bango. Juni 2021 mjini Budapest, kwenye Euro, Cristiano Ronaldo alizisogeza pembeni chupa mbili za Coca-Cola zilizokuwa mezani, akanyanyua ya maji. Hazikupita siku nyingi UEFA ikazikumbusha timu umuhimu wa wadhamini. Alichokisema Ronaldo kuhusu mechi siku ile hakuna aliyekifuatilia. Kwa hiyo faini ya mchezaji asiyetokea hulinda kwanza mkataba wa televisheni na wa mdhamini, kisha ndiyo tunakuja sisi wa magazeti na redio ndogo, kule nyuma. Tunapodai faini iongezwe, tujue tunampigania nani.

Jina lililotajwa zaidi kwenye vikao vyetu ni la Naomi Osaka, mchezaji tenisi wa Japani, na kila upande ulimvuta kwake. Mwishoni mwa Mei 2021 alitangaza kwamba hatazungumza na waandishi kwenye Roland Garros, mashindano makubwa ya tenisi ya Paris, ili ailinde afya yake ya akili. Akashinda mechi ya kwanza, hakutokea ukumbini, akatozwa dola 15,000. Waandaaji wa Grand Slam zote nne, yaani mashindano makuu ya tenisi duniani, wakatoa tamko la pamoja kumwonya kwamba akiendelea hivyo anaweza kuondolewa mashindanoni na hata kufungiwa yale yajayo. Kesho yake akajiondoa mwenyewe, akaeleza kwamba amekuwa akisumbuliwa na sonona tangu US Open ya 2018, ile aliyomfunga Serena Williams fainali huku jukwaa likizomea.

Fedha ile haikumtikisa. Alikuwa miongoni mwa wanamichezo wanaolipwa vizuri kuliko wote duniani. Kilichomtikisa ni vitisho vilivyofuata, na vitisho hivyo vilivuna nini? Mashindano yalimpoteza bingwa wa Grand Slam nne, na wenzetu waliokuwa Paris wakaandika wiki nzima habari za mtu asiyekuwepo. Sioni ushindi wa taaluma yetu hapo.

Wanaoamini kwamba tatizo ni udogo wa faini, nawaomba wamkumbuke Marshawn Lynch, mchezaji wa mpira wa Kimarekani. Mwaka 2014 ligi ya NFL ilimbana alipe jumla ya dola 100,000 kwa kuwakwepa waandishi. Januari 2015, siku ya waandishi kabla ya Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, alifika, akaketi, akajibu kila alichoulizwa. Jibu lilikuwa moja tu: yupo pale ili asitozwe faini. Alilirudia mara 29, dakika tano hazijaisha akanyanyuka. Ukiisoma kanuni, hakuna kifungu alichovunja. Ukisoma madaftari ya waliokuwepo, hakuna habari waliyopata zaidi ya hiyo, na hiyo aliwapa yeye, hawakuitafuta.

Kuna na hili la Max Verstappen, dereva wa Formula 1, ambalo mimi naliona lina mafunzo kuliko la Lynch. Septemba 2024 huko Singapore alitumia neno la matusi kuisema gari yake, kwenye mkutano ambao kanuni zinamlazimisha ahudhurie. FIA, shirikisho la mbio za magari, ikamwadhibu kufanya kazi za kijamii, adhabu aliyokuja kuitumikia Rwanda Desemba ile ile. Wikiendi ileile ya mbio alirudi mezani kama kanuni zinavyotaka, akawa anajibu maneno mawili matatu. Mkutano ulipokwisha akawaambia waandishi wamfuate nje, akazungumza nao wakiwa wamesimama, kwa kirefu na bila kinyongo. Huyu hakuwa na ugomvi na sisi. Ugomvi wake ulikuwa na wanaomlazimisha aongee halafu wanampimia maneno.

Sasa niwageukie wa upande wa pili, ambao mwaka huu wameongezeka, na wengine ni vijana wetu wenyewe. Hoja yao ni kwamba dunia imebadilika. Tangu mchezaji besiboli Derek Jeter aanzishe The Players' Tribune, tovuti ya wachezaji kusema wenyewe, mwaka 2014, na kabla ya hapo kwa mitandao ya kijamii, mchezaji anaweza kusema na mashabiki wake moja kwa moja. Kwa nini apite kwetu?

Kwa sababu ukurasa wa mtu haumuulizi swali la pili. Februari 2009, kabla ya mbio za Tour of California, Paul Kimmage, ambaye aliwahi kuendesha baiskeli kwa kulipwa kabla ya kuwa mwandishi, alisimama kwenye mkutano na kumuuliza Lance Armstrong ni kitu gani hasa anachowapendea wenzake waliokamatwa na dawa za kuongeza nguvu. Armstrong alimjibu kwamba hastahili hata kiti alichokalia. Hilo halikuwa jibu, lakini lilisikika na watu wote mle ndani, likarekodiwa, likabaki. Mwaka 2012 alinyang'anywa mataji yake yote 7 ya Tour de France. Na Januari 2013 alipoamua kukiri, alikwenda kukiri kwa Oprah Winfrey, kwa muda na mahali walipokubaliana. Hivyo ndivyo mchezaji mkubwa anavyozungumza akiachiwa achague wa kuzungumza naye. Wa kuchaguliwa hatakuwa Kimmage.

Wala si mambo ya dawa peke yake. Julai 2017, baada ya kutolewa kwenye mashindano ya tenisi ya Wimbledon na Sam Querrey, Andy Murray aliulizwa swali lililomtaja Querrey kuwa Mmarekani wa kwanza kufika nusu fainali ya Grand Slam tangu 2009. Murray akamkatiza mwuliza swali: mwanamume wa kwanza. Kina Serena walikuwa wanachukua makombe miaka yote hiyo, na mwandishi hakuwaona. Aprili 2023 mchezaji kikapu Giannis Antetokounmpo aliulizwa kama msimu wa timu yake ya Bucks, waliotolewa na Miami Heat, ni wa kushindwa. Akashusha pumzi, akamuuliza mwandishi kama yeye hupandishwa cheo kila mwaka, kisha akauliza: Michael Jordan alicheza misimu 15 akatwaa mataji 6, je, ile mingine 9 ilikuwa ya bure? Katika majibu hayo mawili aliyeumbuka ni mwuliza swali, na bado mkutano ndio uliofaa kuliko yote. Maneno ya namna hiyo huzaliwa watu wawili wakiwa chumba kimoja.

Na chumba hicho, ndugu zangu, hatukupewa bure. Mwaka 1977 Melissa Ludtke wa Sports Illustrated alizuiwa kuingia chumba cha kubadilishia nguo wakati wa World Series ya besiboli huku wenzake wa kiume wakiingia. Septemba 1978 Jaji Constance Baker Motley akaamua kwamba kumtenga kwa sababu ya jinsia ni kuvunja haki yake. Wanachama wetu wanawake wanajua vizuri kuliko mimi kwamba mlango kufunguliwa ni jambo moja na kuachwa ufanye kazi kwa amani ni jingine. Lakini mlango ulifunguliwa.

Machi 2020 ukafungwa. Jumatatu moja mchezaji kikapu Rudy Gobert wa Utah Jazz, akimaliza kuongea, alipapasa kwa utani vinasa sauti vyote vilivyokuwa mezani. Siku mbili baadaye akapatikana na korona na NBA ikasimamisha msimu. Ligi kubwa za Marekani zilikuwa zimekwisha kutuondoa vyumbani, na hapo nisiwalaumu. Ninacholaumu ni kilichofuata kila mahali, hata kwenye ligi ambazo hazikuwahi kuturuhusu chumbani: mkutano wa kwenye skrini, ambao msemaji wa timu ndiye mwenye kitufe. Unanyoosha mkono wa kuchora, anakuona au hakuoni. Ukiuliza lisilompendeza maiki yako inazimwa na anaitwa mwingine. Ugonjwa umeondoka, ila kuna klabu ambazo zimeuona utamu wa kitufe.

Ndiyo maana nasema sharti likifutwa kabisa, anayeumia si mwenye kamera kubwa. Simameni siku moja kwenye ile njia ya vizuizi wanayopita wachezaji kuelekea kwenye basi. Wa kwanza ni televisheni yenye haki za matangazo, taa zake zimewaka na msemaji wa timu anamshika mchezaji bega kumsimamisha. Anafuata mwenye haki za redio, kisha mashirika ya habari. Kule mwisho, karibu na mlango wa kutokea, ndipo walipobanana wenzetu wa magazeti, mmoja kanyoosha simu juu ya mabega ya watu wawili, na mchezaji anapofika hapo ameshasema yale yale mara tatu, jasho limekauka na baridi inamwingia. Yule wa kwanza hahitaji kanuni; mkataba wake unamtosha. Yule wa mwisho ana kanuni tu.

Hata hivyo kanuni hiyo tunaichafua wenyewe. Msimu huu nimehudhuria mikutano ambayo swali la kwanza lilikuwa "unajisikiaje?" na la pili "zungumzia ushindi huu", ambalo si swali bali ni agizo. Binti aliyefungwa dakika kumi zilizopita hana deni la kutueleza anajisikiaje; macho tunayo. Kuna mwenzetu mmoja, jina namhifadhi, aliyetoa hotuba kuhusu mbinu za mchezo mpaka kocha akamuuliza swali liko wapi. Tulicheka wote.

Usalama nao tusiupuuze. Roland Garros ya 2023 Aryna Sabalenka wa Belarus aliulizwa mfululizo kuhusu vita vya Ukraine, kisha akasema hakujisikia salama ukumbini. Kwa muda akaruhusiwa kuongea na kundi dogo lililochaguliwa, baadaye akarudi ukumbini. Maswali yale yalikuwa halali na ningeyatetea popote. Kundi la kuchaguliwa silipendi hata kidogo. Lakini hakutozwa faini, hakutishwa, na akarudi. Mlinganishe na yaliyompata Osaka miaka miwili nyuma yake.

Kuna mfano uliopo tayari. Kwenye Michezo ya Olimpiki mwanamichezo akimaliza shindano ni lazima apite kwenye njia ya waandishi. Kusimama na kujibu ni hiari yake. Anapita mbele yetu akiwa na uso wake ule ule, nasi tunauliza. Akinyamaza, tunaandika kwamba aliulizwa hivi akanyamaza, na msomaji ataamua. Kamati Tendaji inapendekeza chama kilidai hilo kwenye ligi zote tunazoziripoti, na kiache kudai faini kwa ukimya. Apite yeye mwenyewe, si msemaji wake. Apewe muda wa kutulia kwanza. Aliye chini ya miaka 18 awe na mtu mzima wake pembeni. Na aongee lugha anayoota nayo ndoto: ligi ya besiboli ya MLB tangu 2016 inazitaka klabu zote ziwe na mkalimani wa Kihispania, sioni kwa nini nyingine zishindwe.

Ila kuna watu ambao kwao hiari isiwepo. Kocha na viongozi wa klabu na wa shirikisho, wanaosajili, wanaofukuza, wanaopanga ratiba na kugawa fedha, hao wajibu. Sir Alex Ferguson aliisusia BBC tangu 2004 hadi 2011 kwa sababu ya kipindi kilichomhusu mwanawe, akawa anatuma msaidizi, na maisha yakaendelea. Mara ngapi mmeona rais wa shirikisho akitozwa faini kwa kuwakimbia waandishi? Tumekuwa tukimkaba mtoto wa miaka ishirini aliyekosa penalti huku aliyekula fedha za maandalizi akitoka kwa mlango wa nyuma.

Maneno kamili ya azimio mnayo kwenye makabrasha, ukurasa wa mwisho, pamoja na hoja ya awali ya faini, ambayo walioileta wana haki ya kuitetea kabla hatujapiga kura. Katibu atasimamia muda: dakika tano kila msemaji.

Naomba kutoa hoja.

Mwenyekiti