Kijani kimerudi, lakini ni mimea ipi iliyorudi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalojirudia kila ukame unapokwisha. Mvua zikishanyesha, magazeti hutoa picha za ardhi iliyokuwa kavu ikiwa imevaa kijani tena, na wasomaji huambiwa kwamba uoto wa asili umerejea katika hali yake. Furaha ya kuona majani mapya naielewa, na nami huwa nayo. Ninachohoji ni hitimisho lenyewe, kwa sababu rangi ya ardhi, iwe imepigwa picha na mtu au na setilaiti, hutuonyesha kwamba kuna majani, bali haituonyeshi ni majani ya mimea ipi, wala kama spishi zilizokuwa zikiishi pamoja kabla ya ukame bado zinaishi pamoja.

Mimea huishi kwa jamii. Mti mkubwa hutoa kivuli, na chini yake huota mimea isiyostahimili jua kali. Kuvu walioungana na mizizi huisaidia kupata maji na virutubisho. Na ndani ya udongo kuna mbegu zinazosubiri zamu yao kwa miaka. Hata hivyo, kila spishi ina kiwango chake cha kuvumilia kiu, joto, chumvi au baridi. Kwa hiyo shida ya mazingira haiipigi jamii yote pigo moja. Huchagua, na anayetaka kujua yaliyotokea lazima ajue nani alichukuliwa na nani aliachwa.

Mfano ulio wazi sana ulitokea kusini-magharibi mwa Marekani katika ukame wa mwaka 2002 na 2003. Huko kuna misitu ya miti mifupi ambamo aina mbili huota bega kwa bega: msonobari mdogo uitwao piñon, na mreteni. Mti unapokosa maji huwa mbele ya njia mbili, na zote zina hatari. Ukifunga vitundu vidogo vya majani yake, huacha kupoteza maji, lakini papo hapo hujinyima kaboni dioksidi ambayo ndiyo malighafi ya chakula chake. Ukiviacha wazi, huendelea kujilisha, ila mvuto wa maji ndani ya mirija ya shina huzidi, mpaka mfululizo wa maji ukatike na hewa kuziba mirija. Piñon hufunga mapema, ilhali mreteni huweza kuhimili mvuto mkubwa zaidi na kuendelea kufanya kazi. Ukame ulipodumu, misonobari ilidhoofika ikashindwa kujikinga na mbawakawa wanaotoboa magome, na katika eneo moja lililokuwa likifuatiliwa na watafiti, zaidi ya asilimia 90 ya misonobari hiyo ilikufa, huku mireteni mingi ikibaki hai. Linalostahili kutiliwa mkazo ni kwamba eneo hilo lilikuwa limepata ukame mkavu zaidi katika miaka ya 1950. Ule wa baadaye ulikuwa na joto zaidi, na joto huongeza kiu ya hewa, ambayo hunyonya maji kutoka kwenye majani na udongo kwa nguvu zaidi.

Tena majirani wenyewe hubadilika tabia. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika sehemu 11 za milimani duniani, likihusisha spishi 115. Waliondoa mimea iliyoizunguka ile waliyokuwa wakiichunguza, kisha wakaangalia kitakachotokea. Katika maeneo ya chini, yenye hali nafuu, mmea ulioondolewa majirani kwa kawaida ulistawi zaidi, kwa kuwa washindani wake walikuwa wamepungua. Katika maeneo ya juu, yenye baridi na upepo mkali, mmea ulioachwa peke yake mara nyingi uliumia, kwa kuwa wale wale ambao chini wangekuwa wapinzani wake huko juu walikuwa ngao yake. Baadaye, katika milima ya Uswisi, mimea ya juu ilihamishiwa mahali pa chini penye joto zaidi. Ikiwa pamoja na majirani wake wa zamani, iliathirika kwa kiasi. Ilipozungukwa na mimea ya huko chini, ilididimia vibaya. Kwa maneno mengine, madhara ya joto yalitegemea sana ni nani yuko kando.

Hili la majirani lina uzito kwa sababu mimea haihami kwa pamoja. Nchini Ufaransa, kumbukumbu za spishi 171 za misitu ya milimani zilionyesha kwamba katika karne ya 20 makazi yake yalipanda kwa wastani wa mita 29 kila miaka 10. Lakini wastani huo unaficha tofauti kubwa, kwani spishi za majani zilipanda haraka kuliko miti, ambayo huchukua muda mrefu kuzaliana. Wala si kila mahali mimea hupanda. Kwenye mlima Kilimanjaro, ukavu umeongeza mioto, na mioto hiyo imeuteremsha mpaka wa juu wa msitu badala ya kuupandisha.

Nirudi kwenye rangi ya kijani. Huko Rothamsted nchini Uingereza kuna shamba la nyasi ambalo limekuwa likifanyiwa jaribio tangu mwaka 1856. Vipande visivyotiwa mbolea vina spishi zaidi ya 30, ilhali baadhi ya vile vilivyotiwa mbolea ya naitrojeni inayoongeza asidi kwenye udongo vimebaki na spishi mbili au tatu tu. Vyote vina majani, na anayepita mbali asingedhani kuna vilivyopoteza karibu kila kitu. Huko Cedar Creek, katika jimbo la Minnesota, ukame wa mwaka 1988 ulionyesha gharama ya upungufu wa namna hiyo: vipande ambavyo mbolea ilikuwa imevipunguzia spishi vilipoteza sehemu kubwa zaidi ya mimea yake na vilichelewa kurudi. Wapo waliohoji matokeo hayo wakisema kwamba mbolea yenyewe ndiyo iliyoleta tofauti, na hoja yao ilikuwa ya haki. Mwaka 1994 lilianzishwa jaribio jingine, ambamo vipande vilipandwa kwa makusudi spishi 1, 2, 4, 8 au 16, na baada ya miaka 10 na zaidi ikathibitika kwamba vyenye spishi nyingi viliyumba kidogo mwaka hadi mwaka.

Muda nao hudanganya. Mti mkubwa wenye mizizi mirefu unaweza kuishi miongo mingi katika hali ambayo mche wake hauwezi kuvumilia hata msimu mmoja. Msitu wa aina hiyo huonekana mzima kabisa, na anayetaka kujua mustakabali wake hana budi kuinama aangalie chini, kama kuna miche na ni ya spishi gani.

Ndiyo sababu naomba, Mhariri, waandishi wako wanaporipoti kwamba uoto umepona baada ya ukame, moto au mafuriko, wawaulize wataalamu wa mimea ni spishi zipi zilizorudi, zipi zimepungua, na kama miche ya spishi zilizotawala awali imeonekana. Taarifa za upandaji miti nazo zinahitaji maswali hayo hayo, kwa kuwa idadi ya miche iliyopandwa ya spishi moja haisemi lolote kuhusu jamii iliyokuwepo hapo kabla. Na ningependa sana kusoma habari za watu wanaorudi kila mwaka kwenye vipande vile vile vya ardhi kuhesabu kilichoota. Kazi yao haina picha za kuvutia, na hukatishwa kwa urahisi pale fedha za utafiti zinapopungua, ilhali hesabu ya mwaka uliorukwa haiwezi kufanywa tena.

Wasalaam,
Msomaji wako